Jicho Kabla ya Waya

Watu wengi wakisikia habari za kupanga meno, mawazo yao hukimbilia waya. Huuliza utavaliwa kwa muda gani, unauma kiasi gani, unagharimu shilingi ngapi. Ni maswali ya haki. Ila waya ni ile sehemu inayoonekana tu ya kazi ambayo kwa kiasi kikubwa ilikwisha kufanyika kabla breketi ya kwanza, kipande kidogo kinachoushika waya, haijabandikwa jinoni. Nimekaa pembeni ya wanafunzi wa udaktari wa meno wakifundishwa fani hii, na kilichonivuta ni jinsi wanavyozuiwa kugusa. Kwa muda mrefu kazi yao ni kutazama, kuuliza, kupapasa, kupima na kuandika. Mwalimu anayeijua kazi yake hamruhusu mwanafunzi ashike koleo kabla hajaweza kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini meno ya mtoto huyu yamekaa yalivyokaa.

Kutazama huanza mlangoni. Mtoto anaingia na mzazi wake, anatoa shikamoo, na katika neno hilo moja daktari amekwisha kusikia ulimi unavyoitamka ile sauti ya mwanzo. Ikitoka na upepo, huenda meno ya mbele ya juu na ya chini hayakutani. Mtoto anapongoja zamu ya kusema, midomo yake hukutana yenyewe, au huvutwa ikutane? Ikivutwa, ngozi ya kidevu hujikunja vinundu vidogo, na hiyo ni dalili kwamba meno yametokeza mbele kuliko midomo inavyoweza kuyafunika bila juhudi. Kiti hakilazwi. Mtoto huketi wima akitazama mbele, kwa sababu aliyelazwa taya lake hurudi nyuma, na uso unaoonekana si ule anaotembea nao mtaani. Kwa mbele, daktari hulinganisha kimo cha paji, cha pua na cha sehemu iliyo chini ya pua hadi kidevuni, kisha huangalia kama kidevu kiko katikati au kimekwenda upande. Kwa kando, hutazama mstari unaotoka pajini, ukapita mdomoni, ukafika kidevuni.

Halafu, kabla kinywa hakijafunguliwa, huomba kuona mikono. Kidole gumba kinachonyonywa usiku huwa safi kupita vingine, ngozi yake ina sugu, na ukucha wake umelainika. Aliyekiona kidole hicho amekwisha kujua kwa nini meno ya mbele yameacha tundu la kupitisha ulimi, na amejua pia kwamba waya wowote atakaoufunga utashindana na kidole hicho kila usiku. Uchunguzi mdogo wa namna hii hunifurahisha kuliko mashine yoyote iliyomo kliniki.

Swali la kwanza huulizwa mtoto mwenyewe: kitu gani kinakusumbua kuhusu meno yako? Mzazi atapata zamu yake. Mara nyingi majibu hayalingani. Mama anaweza kulalamikia mwanya wa mbele, kumbe binti anaupenda kwa kuwa bibi yake alikuwa nao na kwao husifiwa kuwa ni uzuri; yeye anataka kujua mbona jino moja la juu halijatoka. Pwani na bara, mwanya umesifiwa vizazi kwa vizazi. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya ng'ambo vinavyouhesabu kuwa kasoro hana budi kujifunza kuuandika kama jambo lililopo, wala si ugonjwa, mpaka mwenye kinywa aseme anautaka au haupendi.

Maswali mengine hufuata. Uliwahi kuanguka ukagonga meno? Ukilala unapumua kwa pua au kwa mdomo? Nani mwingine nyumbani ana kidevu cha namna hii? Na huku kwetu liko swali ambalo mwanafunzi halikuti kirahisi katika vitabu vya Marekani: alipokuwa mchanga, alitolewa meno ya plastiki? Katika sehemu za Tanzania, Uganda na nchi jirani, watoto wachanga wenye homa au wanaoharisha wamekuwa wakipelekwa kwa mganga, ambaye hupasua ufizi na kuchimbua vichipukizi vya chonge za utotoni, vile vivimbe vyeupe vinavyodhaniwa kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Miaka 10 baadaye daktari anakuta chonge ya utotoni haipo, ya kudumu imeota na umbo baya au haikuota kabisa, na meno ya jirani yameegemea pale palipo wazi hata mstari wa katikati umehama. Asiyeuliza ataandika kwamba mtoto alizaliwa bila jino hilo, na chanzo cha tatizo kitapotea hapo hapo kwenye faili. Anayeuliza aulize kwa upole. Mama aliyempeleka mwanawe kwa mganga usiku ule alikuwa anahofia kumzika, na daktari anamhitaji aseme yote bila aibu.

Sasa kinywa kinafunguliwa, na hapa kuna tendo ninalolipenda kuliko yote. Halihitaji hata kioo. Kwa mtoto wa miaka 10 hivi, daktari huingiza kidole cha shahada kati ya mdomo wa juu na ufizi, akakipitisha polepole juu ya chonge ya utotoni, kwanza kulia, kisha kushoto. Anatafuta uvimbe. Chonge ya juu ya kudumu husafiri njia ndefu kuliko jino lolote jingine. Huanza juu kabisa, karibu na sakafu ya pua, ikashuka kwa miaka hadi kutokeza mtoto akiwa na miaka 11 au 12. Ikiwa njiani salama, kidole hukutana nayo chini ya ufizi, ngumu na ya mviringo. Ikikosekana upande mmoja huku upande wa pili ipo, kuna jambo. Chonge iliyopotea njia huelekea upande wa kaakaa, na huko inaweza kuula mzizi wa jino la kato lililo jirani bila mtoto kuhisi chochote.

Hapo daktari huagiza eksirei mbili za sehemu ileile, mtambo ukiwa umesogezwa upande kidogo katika ile ya pili. Jino lililojificha likionekana kusogea kuufuata mtambo, liko nyuma, kwenye kaakaa. Likisogea kinyume chake, liko mbele. Ni hesabu rahisi ya pembe, na mwanafunzi akiielewa hawezi kuisahau. Mwaka 1988 Sune Ericson na Jüri Kurol wa Sweden walichapisha matokeo ya watoto wenye chonge zilizokuwa zikielekea kaakaani, ambao hawakufanyiwa lolote ila kung'olewa chonge za utotoni. Kati ya chonge 46 za kudumu, 36 zilirudi zenyewe kwenye njia yake. Jino moja la utotoni, lililokuwa karibu kuanguka, likatolewa mapema kidogo; la kudumu likajirekebisha bila waya. Chonge isiyogunduliwa hadi miaka 15 huhitaji upasuaji, mnyororo wa kuivuta na miezi mingi ya subira. Kinachotenganisha habari hizo mbili mara nyingi ni kidole kilichopitishwa juu ya ufizi kwa wakati wake.

Bado kuna kuuma. Mtoto huambiwa arudishe ncha ya ulimi nyuma, iguse kaakaa, kisha afunge kinywa polepole sana. Daktari hungoja jino la kwanza liguse, kisha hutazama taya linakokwenda baada ya hapo. Mtoto ambaye upande mmoja meno yake ya juu huuma ndani ya yale ya chini, na kidevu chake kimekaa upande, huonekana kama mwenye taya lililopinda. Mara nyingi taya la chini halina neno. Taya la juu ni jembamba pande zote mbili, na mtoto, akikuta meno yanagongana ncha kwa ncha, hulihamisha taya la chini upande mmoja ili apate pa kuuma. Kinywa kikiwa wazi, mistari ya katikati hulingana, kikifungwa, huachana. Dakika moja ya subira imebadilisha matibabu yote: kinachohitajika ni kupanua taya la juu, tena pande zote mbili. Anayetazama meno yakiwa yamekwisha kufungwa tu hatakiona kitu hicho.

Lugha ambayo madaktari hutumia kuandika wanachokiona mdomoni inatoka kwa Mmarekani mmoja, Edward Angle, aliyechapisha mpango wake wa madaraja mwaka 1899. Alichagua gego la kwanza la kudumu, lile linalotoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, liwe kipimo chake. Nundu ya mbele ya upande wa nje ya gego la juu ikikaa katika mfuo wa gego la chini, lakini meno mengine yamepandana au yamezunguka, hilo ni daraja la kwanza. Gego la chini likiwa nyuma ya hapo ni la pili. Likiwa mbele, ni la tatu. Ni hivyo tu. Kwa zaidi ya miaka 120 daktari wa Dar es Salaam na daktari wa Oslo wameweza kuelewana kwa tarakimu tatu, na urahisi huo ni kazi ya akili kubwa.

Lakini Angle alitazama meno kwa kando, mbele na nyuma, na aliamini kwamba kila mtu anaweza kubaki na meno yake yote. Yakipangwa vizuri yote, uso utajipatanisha wenyewe. Kielelezo chake cha uso mzuri kilikuwa Apollo Belvedere, sanamu ya marumaru iliyoko Vatican. Mwanafunzi wake Charles Tweed, aliyefanya kazi Arizona, aliifuata imani hiyo kwa miaka kadhaa. Kisha akafanya jambo ambalo ni wachache wenye moyo wa kulifanya: akawaita wagonjwa aliowamaliza, akawatazama. Aliona nyuso zilizosukumwa mbele na meno yaliyorudi kupandana. Akawachukua wagonjwa 100 ambao kazi yake kwao haikudumu, akawang'oa magego madogo manne kila mmoja, akawatibu upya, na mwaka 1940 akawaonyesha wenzake matokeo ya kwanza na ya pili yakiwa bega kwa bega. Wapo waliokasirika. Baada yake wengine waling'oa kupita kiasi, na fani ikalazimika kurudi tena katikati. Sisemi Tweed ndiye aliyekuwa sahihi katika kila jambo. Ninachokistahi ni kwamba kazi aliyokwisha kuipokelea shukrani aliitazama kwa jicho lilelile alilomtazamia mgonjwa mpya.

Kilichomkosesha Angle ni mifupa, ambayo hakuwa na njia ya kuiona. Njia hiyo ilikuja mwaka 1931, Holly Broadbent wa Cleveland alipoeleza kifaa cha kushika kichwa kwa vijiti viwili vinavyoingia masikioni, mtambo wa eksirei ukiwa umbali uleule kila mara. Sasa picha ya kando ya mtoto wa miaka 8 iliweza kuwekwa juu ya picha yake ya miaka 12, na ukuaji ukaonekana kwa macho. Wanafunzi huweka karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu ya picha hiyo na kuichora kwa penseli iliyochongwa sana: kitako cha mfupa kinachobeba tezi ya pituitari, kiungo cha pua na paji, sehemu iliyobonyea zaidi mbele ya taya la juu, na mwenzake wa taya la chini. Mistari huunganisha nukta, na pembe hupimwa. Siku hizi kompyuta huzitafuta nukta hizo kwa muda mfupi sana. Bado naona ni vema kila mwanafunzi achore kadhaa kwa mkono, kwa sababu anayechora hulazimika kuamua mfupa unaishia wapi pale picha inapofifia, na akishaamua hivyo mara nyingi hazioni tena namba kuwa amri.

Namba nazo zina kwao. Mwaka 1953 Cecil Steiner alipendekeza kipimo ambacho kila mwanafunzi hukariri hadi leo: pembe ya taya la juu nyuzi 82, ya chini 80, tofauti nyuzi 2. Vipimo hivyo vilitoka kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Mwaka 1989 Sunil Kapila alichapisha vipimo vya watoto wa Kikuyu nchini Kenya, na haikuwa ajabu kwamba havikufanana na vile. Kwa watu wengi wa Afrika meno ya mbele huegemea mbele zaidi na midomo hujaa, na huo ndio uso wao wenye afya, unaofanana na wa baba na wa shangazi. Daktari anayemng'oa binti wa Kiafrika magego manne na kuyavuta meno ya mbele nyuma ili tu yafikie namba ya kitabuni amemtibu mtu ambaye hakuwepo kitini. Yupo pia binti ambaye meno yake yametokeza kiasi kwamba midomo haikutani kwa raha na yeye mwenyewe anataka yarudi. Huyo kumng'oa ni halali na kunaweza kumpa faraja kubwa. Kuwatofautisha hao wawili hakuna mchoro utakaokufanyia. Ni kazi ya jicho lililotazama nyuso nyingi za watu wa mahali pale, na ya sikio lililosikiliza.

Na uhitaji upo. Uchunguzi wa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 jijini Nairobi, uliochapishwa mwaka 1996, na ule wa watoto wa miaka 12 hadi 14 wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2009, zote mbili zilikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wana kasoro fulani ya mpangilio wa meno. Wengi wao hawahitaji matibabu. Kujua ni nani anayehitaji, hilo nalo ni utambuzi.

Juu ya meza kuna vielelezo vya jasi, kinywa kizima kilichomiminwa kikakauka, ambacho mwanafunzi anaweza kukigeuza na kukitazama kwa nyuma, mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kufika mdomoni mwa mtu hai. Hapa ndipo nafasi hupimwa. Upana wa meno yote huwekwa upande mmoja, urefu wa mfupa wa kuyabeba upande wa pili, na tofauti yake ndiyo upungufu. Kwa mtoto ambaye baadhi ya meno yake bado yamo ndani ya mfupa, kuna kanuni ya Tanaka na Johnston ya mwaka 1974 ambayo hunipendeza kila ninapoiona ikitumika. Unajumlisha upana wa kato nne za chini, unagawa kwa mbili, unaongeza milimita 10.5 kwa taya la chini au 11 kwa la juu, na unapata makadirio ya upana wa chonge na magego madogo mawili ya upande mmoja ambayo bado hayajatoka. Nayo ilitengenezwa kwa watoto wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo hutumiwa kwa tahadhari. Magego ya utotoni ya chini yana ukarimu wake pia: pamoja na chonge ya utotoni, hutoa nafasi ya ziada ipatayo milimita 1.7 kila upande yakibadilishwa na ya kudumu. Daktari anayejua hivyo anaweza kuzuia gego la nyuma lisisogee mbele kwa kipande kidogo cha waya nyuma ya meno ya chini, na msongamano mdogo ukaisha bila kitu kingine.

Hatimaye kila kitu huandikwa katika orodha ya matatizo. James Ackerman na William Proffit walisisitiza tangu mwaka 1969 kwamba daraja la Angle pekee halitoshi. Kuna msongamano, kuna uso, kuna upana, kuna urefu, na kila kimoja hugusa kingine. Orodha ikikamilika, hupangwa upya kwa uzito. Kuoza na ufizi unaotoka damu hutangulia daima, kwa sababu breketi juu ya kinywa kichafu huacha madoa meupe yasiyotoka. Wakati mwingine uamuzi ni kungoja. Mtoto mwenye taya la chini dogo hufaidika zaidi na kifaa cha kulisogeza taya akikivaa karibu na kilele cha ukuaji wake, na kilele hicho huwafikia wasichana mapema kuliko wavulana. Pingili za shingo, ambazo zimo tayari katika picha ileile ya kando, hubadilika umbo kadiri mwili unavyokaribia kilele, na aliyezoea kuzisoma anaweza kumwambia mzazi: mrudishe mwakani.

Kisha ndipo waya. Jino halikugandishwa mfupani. Mzizi wake umezungukwa na utando wa nyuzi wenye unene wa robo milimita hivi, na ndani yake mna mishipa ya damu na seli zilizo hai. Jino likisukumwa polepole, upande unaobanwa seli za kula mfupa huamka na kuuondoa, na upande unaovutwa seli nyingine hujenga mpya. Carl Sandstedt wa Sweden aliyaona hayo kwa hadubini katika meno ya mbwa na kuyachapisha mwaka 1904 na 1905. Aliona pia kinachotokea nguvu inapozidi: mishipa ya damu hubanwa ikafungika, seli zikafa, na jino likasimama palepale kwa wiki kadhaa huku likiuma, mpaka mwili uje kuula mfupa kutoka nyuma yake. Mwaka 1932 mtafiti aitwaye Schwarz alipendekeza kwamba nguvu bora haipaswi kupita shinikizo la damu katika mishipa midogo kabisa, gramu 20 hadi 26 kwa sentimita moja ya mraba. Kulizamisha jino ndani ya mfupa hutaka gramu 10 hadi 20 tu. Katika fani hii mkono mzito huchelewesha. Milimita 1 kwa mwezi ni mwendo mzuri, na aliyeuharakisha hana alichovuna.

Mahali pa kusukuma pia pana hesabu zake. Ukiisukuma ncha ya nguzo iliyozama kwenye matope ya pwani, haisogei nzima. Inalala, ikizunguka mahali fulani chini ya matope. Jino nalo lina kituo chake ndani ya mfupa, na kila nguvu inayowekwa kwenye taji lake, mbali na kituo hicho, hulilaza. Ili mzizi nao uje, breketi lazima ilipinde jino kinyume na linavyotaka kulala, kwa kiasi kilichopimwa. Ndiyo maana tundu la breketi ni la pembe nne, na waya wa mwisho ni wa pembe nne pia. Zamani mikunjo yote ya waya ilifanywa kwa mkono, jino kwa jino. Lawrence Andrews alipima vielelezo 120 vya watu wenye meno mazuri ambayo hayakuwahi kutibiwa, akachapisha mwaka 1972 mambo sita aliyoyakuta kwa wote, na vipimo hivyo vikaingizwa ndani ya breketi yenyewe. Waya wa kwanza, mwembamba wa nikeli na titani, ambao hurudi kwenye umbo lake hata ukipindwa sana, hutengenezwa kwa aloi iliyozaliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Breketi hubandikwa kwa gundi kwa sababu Michael Buonocore alionyesha mwaka 1955 kwamba asidi huifanya enameli ishike. Kwa mgonjwa aliyekulia Arusha au Meru akinywa maji yenye floridi nyingi, enameli hiyo inaweza kuwa na madoa na ugumu wake wa kushika gundi, na hilo nalo lilipaswa kuwa limeandikwa tangu siku ya kwanza.

Kila kinachovuta huvutwa. Magego yakitumika kuvuta kato nyuma, nayo huja mbele, na nafasi iliyopatikana kwa kung'oa jino la mtu inaweza kupotea kwa kutojali. Kwa hiyo mpango huandika mapema magego yaruhusiwe kusogea milimita ngapi, na kama jibu ni sifuri, skrubu ndogo hufungwa mfupani ishike badala yake.

Breketi zikitolewa, mfupa bado ni mchanga na ufizi bado unakumbuka. Kaare Reitan wa Norway alikuta nyuzi za ufizi za mbwa bado zimevutika siku 232 baada ya jino kuzungushwa. Kwa hiyo mgonjwa huvaa kishikizo, mara nyingi kwa miaka, na meno ya chini ya mbele huwa na tabia ya kusongamana tena hata uzeeni, kwa waliotibiwa na kwa wasiotibiwa. Daktari mkweli humwambia mzazi hivyo kabla ya kuanza, siku ile ya orodha.

Siku hiyohiyo ya kutoa breketi kumbukumbu zote huchukuliwa upya: picha za uso, vielelezo vya jasi, eksirei ya kando. Mchoro mpya huwekwa juu ya ule wa mwanzo, ukilinganishwa kwa mifupa ya kitako cha fuvu ambayo haikubadilika sana katika miaka hiyo. Mwanafunzi hupewa penseli ya rangi nyingine na kutakiwa aonyeshe, jino kwa jino na taya kwa taya, ni badiliko lipi lililoletwa na waya na ni lipi ambalo mtoto alilileta mwenyewe kwa kukua.